KAYE YA MASHINI: MISTARI MIWILI SI LAZIMA MAMBO MAWILI



Katika namba hii ya gazeti letu sisi wafinalisti tumepewa ukurasa wa masomo. Tumechagua jambo lililosumbua shule yetu katika trimestri hii, nalo ni kaye ya matukio iliyo ndani ya kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema. Kila kompyuta ina kaye hiyo. Inajiandika yenyewe, usiku na mchana, bila kuamriwa na mtu. Lakini anayeifungua mara ya kwanza anashangaa kuona jambo moja limeandikwa mara mbili, mara tano, hata mara mia. Anauliza: Je, mashini imeharibika? Kuna mtu anayeichezea? Ama ni sisi tusiojua kusoma?

Somo hili litajibu maswali hayo. Tunaomba lisomwe polepole, na mwenye nafasi alisome akiwa mbele ya mashini.

I. KAYE HII NI NINI?

Zamani mabaharia wa Ulaya walipima mwendo wa merikebu kwa kutupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Walihesabu mafundo yaliyopita mkononi kwa muda fulani, kisha wakaandika hesabu hiyo kitabuni. Waingereza wakakiita kitabu kwa jina la ule ubao. Baadaye kitabu kikapokea mambo yote ya safari: upepo, mawimbi, ugonjwa, kuharibika kwa chombo. Watu wa kompyuta waliazima jina hilohilo, kwa sababu mashini nayo iko safarini tangu inapowashwa hadi inapozimwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza programu ya kukusanya habari hizi mahali pamoja. Aliiita syslog, na desturi yake inafuatwa hadi leo katika mashini za Linux. Kampuni ya Microsoft iliweka kaye yake katika Windows NT mwaka 1993. Hiyo ndiyo iliyomo, kwa sura mpya, katika mashini nyingi tunazozitumia hapa Uvira.

Ili kuiona, fungua programu iitwayo «Observateur d'événements». Ingia «Journaux Windows», halafu «Système». Utaona mistari mingi. Kila mstari una mambo matano ya lazima, nasi tunataka kila mwanafunzi ayashike kwa moyo:

1. Saa na tarehe ya kuandikwa.
2. Mwandishi, yaani ni programu gani iliyoandika («Source»).
3. Namba ya aina ya tukio («ID de l'événement»).
4. Jina la mashini.
5. Namba ya mfululizo ya mstari wenyewe. Hii haionekani mara moja. Inatafutwa katika ukurasa wa «Détails», chini ya neno EventRecordID.

Tunaangalia yote matano kabla ya kusema kwamba mistari miwili ni sawa. Anayetazama mawili tu anafanana na mtu aonaye sare mbili za shule akasema ni mwanafunzi mmoja.

II. TUKIO MOJA, WAANDISHI WAWILI

Tuchukue mfano wa shule kwanza. Msimamizi mmoja yuko mlangoni na kaye yake, anaandika wanaochelewa. Msimamizi wa pili yuko kwenye darasa, naye anaandika wanaoingia baada ya somo kuanza. Mwanafunzi mmoja akichelewa siku ya Jumatatu, jina lake litapatikana katika kaye zote mbili. Wasimamizi wote wawili wamesema kweli. Lakini kama ofisi inajumlisha kaye hizo bila kuangalia, mtoto atahesabiwa kuchelewa mara mbili na kupewa azabu mbili.

Mashini inafanya hivyohivyo umeme unapokatika ghafula. Umeme ukirudi na mtu akaiwasha, waandishi wawili wanaandika habari ileile:

– Kernel-Power anaandika tukio namba 41, kwamba mashini imeanza tena bila kuzimwa vizuri.
– EventLog anaandika tukio namba 6008, kwamba kuzimika kwa mara iliyopita, saa fulani, hakukutazamiwa.

Yote mawili yana alama nyekundu, na yanaachana kwa sekunde chache tu. Asiyejua atasema: «Mashini imekufa mara mbili.» Hapana. Imekufa mara moja, na mashahidi wawili wameleta habari.

Hapa kuna jambo la pili ambalo linadanganya watu zaidi ya lile la kwanza. Mashini iliyokatiwa umeme haiwezi kuandika kwamba inakufa, kwa maana haina nguvu tena ya kushika bic. Inaandika itakapoamka. Kwa hiyo saa iliyo kwenye mstari ni saa ya kuamka, si saa ya kufa. Saa ya kufa inatafutwa ndani ya maneno ya mstari wa 6008. Mashini inaipataje? Wakati inafanya kazi, kila baada ya muda mfupi inaacha alama ya kusema «ningali hai». Ikiamka inaangalia alama ya mwisho, na hiyo ndiyo inayotajwa. Yaweza kupungua dakika chache, lakini siyo mbali.

Mashini iliyozimwa kwa utaratibu inaacha mistari mingine: namba 1074, inayosema ni mtu gani au programu gani imeomba kuzima, na 6006, inayosema kaye imefungwa. Asubuhi inafuata 6005, kaye imefunguliwa. Ukiona 6005 bila 6006 mbele yake, jua kwamba kuna kifo cha ghafula kati yake.

III. MAMBO YA MASHINI NAMBA 3

Sasa tuseme wazi kwa nini somo hili limekuja. Katika chumba chetu cha mashini, namba 3 ilionekana ina mistari myekundu 16 kwa mwezi mmoja. Karibu yote ilikuwa na saa za mangaribi, wakati ambapo wenzetu wa Commerciale wanakuja kujizoeza kwa ajili ya Mtihani wa Taifa. Maneno yakaanza. Wengine walisema mashini iko na shetani. Wengi zaidi walisema: «Ni bale ba mangaribi banaizimaka ovyo.» Pakatolewa shauri kwamba kundi hilo lifungiwe mlango na tena lilipe amandi ya kutengeneza mashini. Wafinalisti wasiogusa mashini kwa miezi mitatu wataandika nini siku ya mtihani? Kwa wazazi wengine pia, hata amandi ndogo ni pesa ya unga ya nyumba.

Mwalimu wa informatiki aliomba kaye isomwe kwanza, nasi tulikaa naye siku mbili. Hivi ndivyo hesabu ilivyokwenda.

Mistari 16 ilikuwa nane ya namba 41 na nane ya namba 6008, kila mmoja na mwenzake. Basi mashini ilikufa mara 8, si 16.

Kisha tukasoma saa iliyo ndani ya kila mstari wa 6008. Mara zote 8 mashini ilikufa mchana. Kundi la mangaribi lilikuwa la kwanza kuiwasha baada ya umeme kurudi, ndiyo maana mistari ilichukua saa yao. Aliyekuta nyumba imeanguka aliandikwa kama aliyeiangusha.

Halafu tukaomba kaye ya mlinzi. Yeye anaandika kila mara umeme wa mji unapokatika na unaporudi, kwa sababu ndiye anayewasha grupu. Mara 7 kati ya 8 zilipatana na kaye yake.

Ilibaki moja. Katika «Détails» za namba 41 kuna mahali paitwapo PowerButtonTimestamp. Pakiwa na sifuri, mashini haikupata habari yoyote ya kidude cha kuwashia. Pakiwa na namba kubwa, kuna mtu aliyekibonyeza. Kwa ile mara ya nane palikuwa na namba, na saa ilikuwa ya adhuhuri, wakati kundi la mangaribi halijafika shuleni. Nani alibonyeza? Kaye haisemi. Sisi pia hatusemi, kwa maana kaye inatoa ushuhuda wa mashini, haitoi jina la mtu.

Shauri la kufunga mlango likaondolewa, na amandi pia.

IV. KURUDIA KWELI: UGONJWA MMOJA, MILIO MINGI

Si kila mara mistari inayofanana ni tukio moja. Wakati mwingine jambo limetokea kweli mara nyingi. Diski ikianza kuoza mahali fulani, mwandishi aitwaye «disk» anaandika namba 7, kwamba pana kipande kibovu. Mashini ikijaribu kusoma tena palepale, anaandika tena. Namba 153 inasema kazi ya kusoma au kuandika ililazimika kurudiwa. Unaweza kukuta mistari kama hiyo makumi kwa saa moja.

Hapa matukio ni mengi, lakini sababu ni moja. Ni kama mtoto mgonjwa anayekohoa usiku kucha: vikohozi ni vingi, ugonjwa ni mmoja. Usitibu kila kikohozi. Mara moja weka kopi ya kazi zako kwenye diski nyingine, kwa sababu diski ya namna hii inaaga.

Programu za syslog zilipata njia nzuri ya kupunguza makelele haya. Zikiona ujumbe uleule unafuatana, haziuandiki tena na tena. Zinaandika mstari mmoja wa kusema kwamba ujumbe wa mwisho umerudiwa mara kadhaa. Anayesoma anapata hesabu bila kupoteza karatasi.

V. KOPI: MSTARI MMOJA MAHALI PAWILI

Aina ya tatu ni kopi halisi. Inatokea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mashini zilizozaliwa na mashini moja. Fundi anatengeneza mashini moja vizuri, kisha ananakili diski yake yote kwenye mashini nyingine tisa. Kazi inakwenda haraka. Lakini amenakili pia kaye ya yule mama. Ukifungua mashini ya tano na ya saba utakuta habari zilezile za zamani, saa zilezile, hata namba za mfululizo zilezile, na jina la mashini moja. Mashini ya saba haijaona mambo hayo. Imerithi kaye tu. Kwa hiyo tafuta siku iliponakiliwa. Yaliyo kabla ya siku hiyo ni ya mama. Tena kila mashini ipewe jina lake, maana zikibaki na jina moja utata hautaisha.

Njia ya pili ni ya mahali ambapo mashini nyingi zinatuma habari kwa mashini moja kubwa ya kuzikusanya. Kama habari inapita katika njia mbili, itafika mara mbili. Katika Linux inaonekana wakati programu ya kukusanya inasikiliza mlango wa kwanza wa habari, na papo hapo inasoma kaye ya pili iliyokwisha kupokea habari zilezile. Dawa yake ni kufunga njia moja. Kufuta mistari kila siku huku njia zote mbili zimebaki wazi ni kuteka maji kwa kikapu.

VI. MISTARI INAYOFANANA ILA NI MAMBO MBALIMBALI

Aina ya nne ni ya kinyume, na katika mji wenye delestaje tunaikuta sana. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya aina ya CR2032. Kazi yake ni kutunza saa wakati hakuna umeme. Ikichoka, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma, mara nyingi kwenye tarehe 1 Januari ya mwaka wa zamani. Mashini yenye intaneti inaweza kujirekebisha. Isiyo na intaneti inabaki hapo.

Matokeo ni kwamba Jumatatu mashini inaandika 1 Januari, na Jumatano inaandika tena 1 Januari. Mtu anaona mistari miwili ya siku moja na saa moja, anasema ni doublon, anafuta mmoja. Kumbe amefuta siku nzima. Hapa ndipo namba ya mfululizo inapotuokoa. Saa inaweza kurudi nyuma. Namba ya mfululizo inakwenda mbele. Panga mistari kwa namba hiyo, nawe utaona siku zikijitenga. Ukikuta tukio namba 1 la Kernel-General, jua kwamba saa imebadilishwa hapo.

Tusisahau saa za inchi yetu. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mashini iliyowekwa saa ya Kinshasa itaonyesha 13:00 wakati Uvira ni 14:00, hata kama tukio ni lilelile. Na mlinzi wetu akiandika «saa 8 mchana», mashini inaandika 14:00. Linganisha kwanza saa, halafu ndipo ulinganishe matukio.

VII. KAZI KWA UTARATIBU

Yeyote atakayekuta mistari iliyorudiwa, afanye hivi:

a) Asifute. Kwanza aweke kopi ya kaye yote. Anayefuta kaye ya Système ajue kwamba mashini inaandika namba 104, yaani kaye imefutwa. Kufuta kwenyewe kunabaki kama ushuhuda.
b) Asichelewe. Kwa kawaida kaye ya Système imepewa nafasi ya megabaiti 20. Ikijaa, mistari mipya inasukuma ya zamani nje. Makelele ya leo yanaweza kumeza ukweli wa mwezi uliopita.
c) Alinganishe mambo yote matano. Waandishi mbalimbali na sekunde chache kati yao: ni mashahidi wa tukio moja. Mwandishi mmoja na namba za mfululizo mbalimbali: pengine ni kurudia kweli. Yote matano sawa: ni kopi.
d) Atafute shahidi aliye nje ya mashini: kaye ya mlinzi, jarida la darasa, rejista.
e) Atibu sababu: betri mpya ya saa, onduleri ya kushika umeme kwa dakika chache, jina moja kwa kila mashini, njia moja ya kutuma habari.
f) Mwisho kabisa, ndipo ahesabu.

VIII. JAMBO HILI LINAPITA MASHINI

Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa Desemba, tume ya uchaguzi CENI ilisafisha orodha ya wapiga kura wa nchi yetu. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 46. Baada ya kuondoa doublons zaidi ya milioni 5, pamoja na watoto walioandikwa kabla ya umri, wakabaki karibu milioni 40. Chombo kikubwa cha kutafuta doublons kilikuwa alama za vidole. Sababu yake ni ileile ya somo letu: majina yanafanana. Katika mtaa mmoja wa Uvira mnaweza kupatikana akina Amisi wawili, akina Furaha watatu, wenye umri mmoja. Ukifuta kwa kuangalia jina tu, unamnyang'anya mtu haki yake. Usipofuta kabisa, mtu mmoja anapata sauti mbili.

Ni vilevile kwa kila orodha. Sisi tulioona mto Mulongwe ukiingia nyumbani mwa watu Aprili 2020 tunajua uzito wa jina kuandikwa au kutoandikwa kwenye karatasi ya msaada. Jina likiingia mara mbili, kuna blanketi moja inayopungua kwa mwingine. Jina likifutwa kwa kudhaniwa doublon, kuna familia inayolala bila kitu. Anayeshika orodha ameshika watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kaye umekuta mistari 10 ya namba 41 na 10 ya namba 6008. Mashini imezimika ghafula mara ngapi?
2. Mstari wa namba 6008 una saa 17:30, lakini ndani yake mmeandikwa 11:05. Umeme ulikatika karibu na saa ngapi? Saa 17:30 kulitokea nini?
3. Mistari miwili ina tarehe 1 Januari na saa moja, lakini namba za mfululizo ni 4120 na 4388. Je, ni doublon? Utaangalia kitu gani ndani ya mashini?
4. Mashini mbili zina habari zilezile mpaka tarehe 12 Machi, kisha zinaachana. Siku hiyo fundi alifanya nini?
5. Kwa walio wasimamizi: tafuteni katika kaye za wanaochelewa za juma hili, muone kama kuna mwanafunzi aliyeandikwa mlangoni na darasani kwa siku moja. Kabla ya kupeleka hesabu kwa Bwana Prefe, semeni amechelewa mara ngapi.

Majibu yaletwe kwa wafinalisti kabla ya Ijumaa, saa ya mapumziko. Tutayatoa katika namba ijayo.

Sisi wafinalisti,
kwa niaba ya wasimamizi wa wanafunzi, Kilibula